Mtindo Uitwao Msiba Papa Hamadi

Zaina hakuwapenda watu waliomwambia kwamba kompyuta inafanya kazi yenyewe. Yenyewe? Keti hapo basi, uone kama itakutolea hata kadi moja ya ubatizo. Kazi ni kichwa, na kichwa cha Zaina kilikuwa na sheria moja aliyowafundisha vijana wote waliopita katika duka lake la kuchapisha pale Makiso, mjini Kisangani: usichore kitu kimoja mara mbili. Ukishapata herufi zilizokaa sawasawa, unene wake, rangi yake, nafasi kati ya mstari na mstari, kusanya hayo yote yawe mtindo mmoja na uupe jina. Kesho mteja akija, andika maneno yake, bonyeza jina la mtindo mara moja tu, na maneno yatavaa yote kwa mkupuo. Kijana aliyeonekana akipaka rangi kichwa kimoja kimoja kwa mkono alisemwa mpaka akatamani kurudi kwao.

Mitindo yake ilikuwa na majina ya watu. Mtindo uliitwa kwa jina la mtu wa kwanza aliyetengenezewa, na jina hilo halikufutwa tena. Kulikuwa na Arusi Rachida, Ubatizo Merdi, Msiba Mzee Waziri. Mtu akija na kusema anataka tangazo la kilio kama lile la mzee Waziri, basi hakuna kuhangaika, unajua pa kubonyeza. Na kwa kuwa nusu ya wachapishaji wa Kisangani walijifunza kwake, desturi hiyo ilienea mjini. Ukifungua faili la duka lolote unaona orodha ya majina, na ukijua kusoma orodha unajua nani aliolewa na nani alizikwa.

Sheria ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Jina la mtu aliye hai halivishwi mtindo wa msiba, hata kwa mchezo, hata kwa majaribio. Ukitaka kujaribu, andika Fulani bin Fulani. Vijana walicheka walipoambiwa hivyo siku ya kwanza. Lakini hakuna aliyethubutu kuandika jina la mama yake.

Sasa, Jumatano tarehe kumi na mbili Novemba, saa tatu asubuhi, kaka yake Yunus aliingia dukani na flash mkononi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, nadhifu, viatu vinang'aa hata siku ya matope.

"Zaina, dada yangu. Hii iko invitation ya arusi ya Nadia. Précieuse ameimaliza, lakini machine yake ya rangi imeharibika. Unichapie mia moja."

Nadia alikuwa binti yake, na arusi ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Précieuse alikuwa mwanafunzi wa Zaina wa zamani, sasa ana duka lake upande wa Tshopo.

"Juu ya nini ulienda kwa Précieuse? Shangazi ya bibi arusi niko hapa, unanipita kama mulingoti wa umeme?"

"Sikutaka kukusumbua. Bon, tuachane na ile. Papa ameshafunga mizigo? Kesho asubui tunavuka."

Zaina alijibu kwamba papa yuko tayari tangu juzi. Kesho yake Yunus alikuwa amchukue baba yao, papa Hamadi, wavuke mto mpaka Lubunga, kisha waendelee na pikipiki mpaka Opala, kwenye shamba la michikichi la marehemu babu. Yunus alisema wapo watu wanaolimega shamba lile, na bila mzee mwenyewe kuonyesha mipaka kwa kidole chake litakwisha lote. Papa Hamadi alikuwa na miaka sabini na minne. Zaina hakuipenda safari ile hata kidogo, lakini mzee alikuwa na hamu ya kuiona Opala, na mzee akitaka kitu, nani wa kumzuia?

Yunus alipotoka, Zaina alifungua faili na kuisoma invitation. Ilikuwa nzuri, hakuwa na la kusema. Ila majina ya wanaoalika yalianza na Yunus mwenyewe. Kwao, babu akiwa hai, jina lake ndilo linaloanza, na wengine wanafuata nyuma yake. Papa Hamadi hakuwepo mwanzo, hakuwepo mwisho. Zaina aliguna. Huyu Précieuse amesahau hata adabu za watu, alijisemea, nitamwongeza mwenyewe.

Akayanakili maneno yote na kuyabandika kwenye ukurasa wake. Ukibandika maneno ya faili la mwenzako, hayaji uchi, yanakuja na nguo zake, na mitindo ya duka la mwenzako inajipanga yenyewe katika orodha yako. Zaina aliteremsha macho kwenye orodha ili aondoe asiyoihitaji. Arusi Nadia. Arusi Rachida. Msiba Mzee Waziri.

Chini yake, Msiba Papa Hamadi.

Alilisoma mara ya pili.

Alijitetea, maana moyo wa mtu hutafuta pa kushika. Ni wangapi wanaitwa Hamadi mji huu? Mmoja amekufa upande wa Mangobo, au Kabondo, Précieuse akamtengenezea tangazo lake, na leo akalitumia faili lile lile kwa arusi, akafuta maneno, mitindo ikabaki. Mitindo hubaki. Ufute kila neno kwenye ukurasa, orodha haisahau. Lakini faili lilikuwa la Yunus, lenye jina la Yunus juu yake, na Zaina hakuweza kukaa. Alifunga duka mchana kweupe, akapanda toleka, akamhimiza mwenye baiskeli mpaka yule akamuuliza kama kuna mtu amezidiwa hospitali.

"Sijui bado," Zaina alimjibu.

Précieuse alikuwa akila lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki mlangoni pa duka lake. Alipomwona Zaina aliweka sahani chini, akasimama, akamshika mikono yote miwili kwa heshima ya mdogo kwa dada yake mkubwa, na uso wa huruma.

"Yaya Zaina, pole sana. Papa ameshatutoka?"

Zaina alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Nani amekuambia papa yangu anakufa?"

Précieuse alimtazama asielewe. Kisha alieleza, na kila neno lilimwingia Zaina polepole. Yunus alikuja wiki mbili zilizopita. Alisema papa yuko mahututi, madaktari wamekata tamaa, afadhali tangazo liandaliwe mapema. Alisema Zaina ndiye aliyemtuma, kwa sababu alijaribu kulitengeneza mwenyewe na machozi yakamshinda.

"Ndiyo maana nilivunja sheria yako, yaya. Nilisema kama ni weye umeruhusu, miye ni nani?"

"Nionyeshe."

Précieuse alifungua ukurasa. Picha ilikuwa ya papa Hamadi na kofia yake nyeupe, imekatwa kutoka kwenye picha ya Idi, imetolewa rangi ikabaki kijivu. Pembeni mwa picha, ukiangalia vizuri, ulibaki upande wa bega lenye kitenge. Lilikuwa bega la Zaina. Siku ile ya Idi alikuwa amesimama karibu naye.

Chini ya picha, kwa herufi nyeusi nzito zilizonyooka vizuri, kwa sababu Précieuse alifundishwa na mwalimu mwema, paliandikwa kwamba familia inatangaza kwa masikitiko kifo cha mpendwa wao Hamadi Salumu, aliyefariki safarini huko Opala siku ya Ijumaa tarehe kumi na nne Novemba, akazikwa huko huko siku hiyo hiyo.

Leo ilikuwa Jumatano tarehe kumi na mbili.

"Tarehe hii, Précieuse. Nani aliitoa?"

"Ni yeye. Niliuliza, papa Yunus, mutu bado anapumua, tarehe tutajuaje? Akasema weka ile tu, tutabadilisha. Mahali pia alitoa yeye. Nilifikiri labda mumeamua kumupeleka kwao." Sauti ya Précieuse ilianza kupungua. Kumbe na yeye sasa alikuwa akiisoma upya. "Yaya, papa iko mugonjwa kweli?"

"Papa asubui ya leo amekula mikate mitatu," Zaina alisema, na hapo akalia.

Alilia kwa hasira kuliko kwa huzuni, nisikufiche. Alijua kila kitu kwa mara moja, na hakuna lililobaki la kukisia. Yunus alitaka kuiuza parcelle ya papa kule Simi-Simi, nyumba na mwembe na ukuta, kwa tajiri mmoja aliyetaka kujenga depo. Mzee alikataa mara tatu mbele ya watoto wake wote wawili. Mara ya tatu alisema: mimi nikiwa ninapumua, ardhi hii haiuzwi. Yunus hakubishana siku ile. Aliinamisha kichwa, akasema ndiyo papa, na Zaina alimsifu moyoni kwa adabu yake. Adabu gani! Alikuwa amesikia sharti, akaenda kulitafutia dawa.

Précieuse alimnakilia faili kwenye flash, akamchapia ukurasa ule kwa machine ndogo ya wino mweusi, akauingiza ndani ya bahasha, akakataa kutazama tena.

Simi-Simi, papa Hamadi alikuwa barazani kwenye cherehani yake, karibu na begi la safari lililokwisha kufungwa. Alikuwa fundi nguo tangu ujana, na ukutani nyuma yake zilining'inia kwenye misumari karatasi za kukatia, zile ambazo mafundi wa pale huziita patron, kila moja na jina la mwenye mwili limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Patron ya Zaina. Patron ya Nadia. Patron ya Yunus ilikuwa mezani, imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Mzee alikuwa akimshonea mwanawe kanzu ya arusi.

"Umefunga duka saa hizi? Umeme umeenda?"

"Papa, usiende Opala."

"Tumeshaongea mambo ile, mama."

Zaina alimpa bahasha. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalimtoka. Mzee alivaa miwani, akautoa ukurasa, akausoma kama alivyosoma kila kitu, kwa kusogeza kidole chini ya mstari. Kidole kilifika kwenye Ijumaa, kikasimama. Kikarudi mwanzo. Kikafika tena pale pale.

Mzee aliulaza ukurasa juu ya meza ya cherehani.

"Ni Yunus?"

"Ni Yunus, papa. Précieuse ndiye alitengeneza. Hakujua."

"Alisema huko huko nizikwe. Alifikiri vizuri. Nani angeenda Opala kufukua?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Damu yangu mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshona nguo miaka hamsini na tano na nimelisema neno hili kila siku, sikujua ninajiambia mimi."

"Twende police."

"Tuwaambie nini? Watauliza, papa, si uko hai? Tutasema ndiyo. Watasema, basi rudi nyumbani, na utupe ya sigara." Alitikisa kichwa. "Na nikikataa safari kesho, atangoja. Mwezi ujao atapata safari nyingine, ao atapata dawa ya kuweka ndani ya chai. Mutu aliyeandika tarehe hataifuta juu ya mimi kuumwa mugongo asubui moja."

Zaina alimwambia wahame, waende Banalia kwa shangazi. Mzee hakumsikia. Alikuwa akiutazama ukurasa kwa jicho jipya, jicho la fundi, akipapasa herufi kwa kidole.

"Hii kazi yenu inakwendaje? Jina na picha ndizo zinabadilika, na nguo inabaki ile ile?"

"Ndiyo papa. Ni kama patron. Tunaandika jina lingine, linavaa."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Mzee alinyanyua patron ya Yunus kutoka juu ya kitambaa. Aliikunja mara mbili, mara nne, akaiweka chini ya mguu wa cherehani, pale palipokuwa na kijiti cha kuizuia isiyumbe.

"Basi badilisha jina. Weka lake."

"Papa, hapana."

"Kila kitu kingine uache kama alivyotaka mwenyewe. Tarehe. Mahali. Uchape kubwa, calicot, kitambaa cha mulangoni, na uitundike kesho mbele ya saa moja."

"Papa, naomba. Tuko na sheria. Jina la mutu hai..."

"Sheria hiyo nani ameivunja, weye ao yeye?" Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Nisikilize. Mwenye kuua harithi, na maiti harithi. Mutaa wote ukijua kesho kwamba kwangu Yunus amekufa, na kwa nini, hata nikifa na malaria mwaka ujao watajua pa kuuliza kwanza. Hii ndiyo police yangu. Zaina, ninataka kuishi. Sina aibu kukuambia, niko muzee na bado ninataka kuishi."

Ni neno hilo lililomshinda. Baba yake hakuwahi kumwomba kitu.

Alirudi dukani alasiri. Alitafuta picha ya Yunus kwenye simu, akapata ile ile ya Idi, maana kaka yake alisimama upande wa pili wa mzee, anacheka. Akaikata. Akaitoa rangi. Kisha akafuta Hamadi Salumu na kuandika Yunus Hamadi. Jina lilikaa dakika nzima pale kwenye ukurasa likiwa dogo, jembamba, halina mtindo wowote, na Zaina alikumbuka alivyobebwa mgongoni na mwenye jina hilo kuvuka matope ya Simi-Simi kwenda shule, alivyokuwa akimpa yeye embe na kubaki na kokwa. Akampenda na kumchukia kwa pumzi moja. Akabonyeza Msiba Papa Hamadi. Jina likavimba, likawa jeusi, likasimama katikati. Kompyuta haikumuuliza kama ana hakika.

Alhamisi saa moja asubuhi Yunus alifika Simi-Simi na pikipiki mbili na madereva wawili. Kwenye lango alikuta calicot. Uani wanawake wa jirani walikuwa wameketi kwenye mikeka, mama Georgette mbele yao na rozari yake mkononi, hawalii, hawasemi. Mzee alikuwa amewaeleza yote alfajiri, mlango kwa mlango, Waislamu na Wakatoliki, kwa maneno machache. Alikuwa barazani anashona.

Yunus alitazama juu. Zaina alimwangalia usoni kwa makusudi, maana usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba labda kuna maelezo, labda atapiga kelele, labda atauliza nani amefanya upuuzi huu. Watu wote wale walilisoma tangazo mpaka mwisho. Yunus alisoma jina tu, kisha macho yake yakaruka moja kwa moja mpaka kwenye tarehe. Alijua ilipo.

Aliingia langoni. Alipanguza midomo.

"Assalamu alaykum," alisema.

Tangu kuzaliwa kwa Yunus, hakuna salamu iliyowahi kuanguka chini katika ua ule. Hata mama Georgette, Mkatoliki wa damu, aliijua namna ya kuiitika. Mdomo wa Zaina ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka arobaini, akauma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. Cherehani ilikuwa ikienda. Mzee hakuinua kichwa.

"Papa," Yunus alisema. "Papa, niko hapa. Niko muzima."

Cherehani ilikuwa ikienda.

"Zaina. Dada yangu."

Zaina aliinamisha macho kwenye mkeka. Alisikia viatu vikigeuka, akasikia dereva mmoja akiuliza kama mzee haendi tena, na jibu hakulisikia. Pikipiki zote mbili ziliondoka kuelekea mtoni, upande wa kuvukia Lubunga.

Ijumaa, tarehe kumi na nne, umeme ulikuwepo tangu asubuhi na wateja walikuwa wengi. Zaina alifanya kazi bila kunyanyua uso. Baada ya sala ya mchana alimpigia Yunus, simu haikupatikana. Njia ya Opala haina réseau, alijisemea, kila mtu anajua. Alipiga tena. Alipiga mara ya tatu, huku akijiuliza angemwambia nini, maana kwa maiti hakuna anayepiga simu.

Basi akafungua faili. Baba yake alikuwa hai, alikuwa amemwacha anakunywa chai, na jina lake halikuwa na haki ya kukaa kwenye orodha ile. Akauchagua mtindo Msiba Papa Hamadi na kubonyeza kufuta. Kompyuta ikamjibu, kwa adabu, kwamba mtindo huu unatumika. Yapo maneno yaliyouvaa. Ukiufuta, uweke upi mahali pake?

Kwa Zaina, mtindo uliitwa kwa jina la mtu wa kwanza kutengenezewa. Papa hakuwa wa kwanza tena, maana tangazo lake halikutundikwa kamwe. Vidole vyake vilijua sheria kuliko yeye, vikalifuta Papa Hamadi na kuandika jina lingine, na alipokuwa bado anautazama Msiba Yunus pale kwenye orodha, chini kidogo tu ya Arusi Nadia, simu ililia. Aliidaka kabla ya mlio wa pili.

Ilikuwa Nadia.

"Tantine, ba-invitation zimetoka? Na tena, papa yangu iko kwenu? Tangu jana asubui hatujamuona, na simu yake haiingii."